Skrubu Iliyoshikwa na Kutu: Utangulizi kwa Anayeanza

Kama umefungua kurasa hizi ukiwa na bisibisi mkononi na skrubu mbele yako iliyogoma kutoka, nakuomba kwanza uiweke hiyo bisibisi chini. Madhara mengi ya kazi hii hutokea katika dakika tano za mwanzo, wakati mtu bado hajajua anashindana na nini. Akishajua, kazi huwa nusu. Nimefundisha ufundi kwa miaka mingi, na sijaona somo dogo linalofungua milango mingi kama hili. Ndani ya skrubu moja yenye kutu kuna kemia, kuna elimu ya nguvu na mwendo, kuna habari za joto, na kuna historia ya chuma chenyewe. Hakuna hata kimoja kitakachokushinda, mradi tuanzie mwanzo.

Nianze na mfano wa hapa kwetu Mpepai. Katika milima hii ya Mbinga, kahawa ya arabika ndiyo inayosomesha watoto na kuezeka nyumba, na kwa wakulima wengi utakuta mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Ni chombo cha chuma chenye mdomo juu wa kumiminia kahawa mbivu, mkono wa kuzungushia pembeni, na ndani yake gurudumu lililovikwa bati la shaba lenye vinundu. Vinundu hulisukuma tunda kwenye ukingo ulio karibu. Ganda jekundu huenda upande mmoja, punje huangukia upande mwingine. Nafasi iliyopo kati ya shaba na ukingo huo hurekebishwa kwa bolti. Ikiwa pana mno, matunda madogo hupita bila kumenyeka. Ikiwa nyembamba mno, punje hukwaruzwa na kukatika, na punje iliyokatika hushusha daraja la kahawa. Bolti ndogo, kwa hiyo, imeshika bei ya mavuno ya mwaka mzima.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, siku chache kabla ya kuanza kuchuma, nilimkuta jirani yangu amesimama mlangoni kwangu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Njoo unitazamie mashine. Bolti ya kurekebishia imekataa kabisa.”

“Mmeijaribu?”

“Kijana ameikazania tangu asubuhi. Sasa anatafuta bomba achomeke kwenye spana, apate nguvu.”

“Mwambie aache, mama. Nakuja sasa hivi.”

Bolti hiyo tutairudia, maana ndiyo itakayotufundisha. Lakini kwanza tuelewane kuhusu majina. Skrubu ni kama msumari uliochongwa mstari unaozunguka mwilini mwake, nao hujishika wenyewe ndani ya mbao au chuma. Wazee wa pwani huiita parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno. Bolti ni ndugu yake: hupita kwenye tundu, na upande wa pili hukazwa kwa nati. Ule mstari unaozunguka huitwa hesi. Gereji utasikia mafundi wakisema nyuzi, na ni kitu kilekile. Karibu yote nitakayosema juu ya skrubu ni kweli kwa bolti pia, na nitayatumia maneno haya mawili kwa kupokezana.

Hesi ni nini hasa? Ni mteremko. Sisi wa milima hii ya Matengo jambo hili tumelikanyaga kwa miguu. Anayetoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kuja Mbinga mjini hupanda kwa barabara ya kona nyingi, kwa sababu gari haliwezi kupanda mlima wima. Hukubali kwenda mwendo mrefu ili lipande kidogo kidogo. Sasa kata karatasi iwe pembetatu, ishike penseli, uiviringishe karatasi hiyo juu yake. Ule ukingo wa mshazari utazunguka penseli kama hesi, na utakuwa umeiona barabara ya mlimani ikigeuka skrubu. Bolti ya kawaida ya milimita 8 huingia ndani milimita 1.25 kwa kila mzunguko mmoja, wakati ukingo wake umesafiri kama milimita 25. Ni mteremko wa 1 kwa 20, mpole sana. Ndiyo maana mkono wa mtu mmoja unaweza kubana vyuma viwili kwa nguvu ambayo asingeipata kwa kuvisukuma.

Lakini kwa nini skrubu haiserereki na kurudi yenyewe, kama gari lisilo na breki? Kinachoizuia ni msuguano, yaani ukinzani unaotokea vitu viwili vinapogusana na kimoja kikataka kuteleza juu ya kingine. Wahandisi wana kadirio lao la siku zote ambalo kila nikilifundisha naona macho ya wanafunzi yanafunguka: katika kila sehemu 10 za nguvu unayotumia kukaza bolti, kama 5 huliwa na msuguano chini ya kichwa, 4 huliwa kwenye hesi, na 1 tu ndiyo inayobaki kubana. Tazama ile 5. Nusu ya mapambano yako iko chini ya kichwa cha bolti, mahali ambapo karibu kila mtu hupasahau. Elimu ya msuguano, ulikaji wa vitu vinavyosuguana, na ulainishaji wake ina jina lake, tribolojia, lililotolewa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kusugua. Jina hilo lilianza kutumika rasmi mwaka 1966, katika ripoti iliyoongozwa na Peter Jost huko Uingereza. Usiogope jina. Umeshaingia ndani ya elimu hiyo bila kubisha hodi.

Sasa tuingie kwenye kutu. Ukifuata ziwa kwenda kaskazini utafika Ludewa, na huko kuna mlima wa Liganga wenye madini ya chuma. Mawe yale ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na titani na vanadi. Oksidi maana yake ni kitu kilichoungana na oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotuwezesha kupumua na moto kuwaka. Ni nadra chuma kupatikana ardhini kikiwa tupu. Mara nyingi hukaa kimeshikana na oksijeni. Wapangwa wa milima ile waliyeyusha chuma na kufua majembe tangu zamani, na mkaa waliotumia ulikuwa na kazi mbili: kutoa joto, na kuyanyang'anya yale mawe oksijeni yake. Kutu ni safari hiyo ikirudi nyuma. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, huichukua tena oksijeni na kurudi kuwa ndugu wa lile jiwe.

Na hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa: mara mbili au zaidi, hasa inapokuwa imeshika maji ndani yake. Kati ya hesi ya bolti na hesi ya nati kuna upenyo mdogo tu. Kutu ikizaliwa humo, huujaza. Ikiendelea kuzaliwa, haina pa kwenda, nayo huanza kusukuma pande zote. Chukua chupa ya mdomo mwembamba, uijaze maharage makavu, utie maji, ulale. Asubuhi jaribu kuyamimina. Hakuna aliyetia gundi humo. Maharage yamevimba yakabanana. Skrubu iliyoshikwa na kutu iko vivyo hivyo. Ukilielewa hili, utaona kwamba kazi yako ya kwanza ni kuivunja na kuilainisha ile iliyovimba. Kuzungusha huja baadaye.

Msomaji makini ataniuliza: kama hewa ndiyo inayoleta kutu, mbona ndani kabisa, kusiko na hewa, ndiko kunakoliwa zaidi? Ni swali zuri, na jibu lake unaweza kuliona nyumbani. Sugua kipande cha bati la chuma kwa msasa mpaka king'ae, dondosha juu yake tone moja la maji yenye chumvi kidogo, kisha kaa ukilitazama. Baada ya muda utaona pete ya kutu kati ya katikati na ukingo wa tone. Ulick Evans, mwanakemia wa Cambridge, alilieleza jaribio hili katika miaka ya 1920. Ukingoni mwa tone oksijeni ni nyingi. Katikati ni haba. Chuma cha katikati huyeyuka na kuachia elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, na elektroni hizo hutembea ndani ya chuma mpaka ukingoni, ambako oksijeni huzipokea. Anayeliwa yuko katikati, anayekula yuko pembeni, na kutu hujitokeza wanapokutana. Skrubu ni hivyohivyo: mdomoni mwa tundu kuna hewa, ndani kuna unyevu uliofungiwa, na kinachoharibika ni cha ndani. Usidanganywe na kichwa kinachoonekana kizima.

Mashine ya kahawa ina balaa la ziada. Majimaji ya kahawa mbivu yana sukari. Yakibaki kwenye pembe za mashine huchacha na kuwa na asidi, nayo asidi huharakisha kutu. Tena kuna shaba karibu na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya majimaji ya namna hiyo hufanya betri ndogo, na katika betri hiyo chuma ndicho kinacholipa gharama, shaba ikabaki salama. Bolti iliyo jirani na lile bati la vinundu huumia kabla ya nyingine zote. Ndugu zetu wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay wana nafuu fulani, maana maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi. Fundi wa Tanga au Unguja anayefungua bolti za boti la baharini ana kazi nzito zaidi.

Sasa tunaweza kuishika kazi yenyewe.

Nilipofika kwa mama yule nilianza kwa kutazama, nami nakusihi ufanye hivyo. Hesi nyingi hukazwa kwa kuzungusha kulia, kama mshale wa saa unavyokwenda, na kulegezwa kushoto. Lakini ziko za kinyume: pedali ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, na wapo waliohangaika nayo siku nzima wakiikaza. Kisha safisha. Sugua kutu ya nje kwa brashi ya waya, na kama ni skrubu ya kichwa chenye mfuo, chokoa uchafu ndani ya mfuo huo kwa ncha ya msumari mpaka bisibisi ikae hadi chini. Bisibisi inayoelea juu ya uchafu ndiyo inayokula kichwa.

Halafu mafuta. Hapa watu wengi hukimbilia oili chafu iliyotoka kwenye injini, kwa kuwa ni ya bure na inateleza. Kuteleza inateleza, lakini ni nzito mno kuingia. Kumbuka kibatari: mafuta ya taa hupanda utambi yenyewe, bila kusukumwa, kwa sababu kimiminika chepesi huvutwa na nafasi nyembamba. Nafasi ikizidi kuwa nyembamba, mvuto huzidi. Sisi tunautaka mvuto huohuo ndani ya hesi. Changanya mafuta ya taa na oili safi kidogo, au tumia dizeli. Mafuta ya taa yatatangulia kupenya na oili itabaki kulainisha. Dondosha kuzunguka kichwa, na upande wa nati pia kama unafikika, kisha acha. Rudia asubuhi na jioni. Ukiniuliza kwa muda gani, nitakwambia usiku mmoja ni mwanzo, na siku tatu si nyingi kwa bolti iliyokaa misimu kadhaa. Najua ni vigumu kungoja. Ngoja.

Kila unapoongeza mafuta, gonga. Kutu ni ngumu lakini haina unyumbufu. Ikitikiswa hupata nyufa, na mafuta hupita kwenye nyufa hizo. Weka kipande cha chuma juu ya kichwa cha bolti, ukigonge kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi na mengi, yaliyonyooka. Mapigo hayo yanakwenda hasa pale chini ya kichwa, kwenye ile nusu tuliyoizungumzia. Tahadhari moja kubwa: miili ya mashine nyingi za kumenyea ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo huvumilia kubanwa lakini hupasuka kwa pigo, kama chungu. Gonga bolti, usigonge mwili.

Ukifika wakati wa kuzungusha, chagua spana inayoikumbatia nati pande zote sita, ile ya ringi, kabla ya ile ya mdomo wazi. Nayo ikae bila kucheza. Mashine za zamani zilizotoka Uingereza mara nyingi zina vipimo vya inchi vinavyotokana na mpango wa Joseph Whitworth wa mwaka 1841, na spana ya milimita hukaribia kutosha bila kutosha. Hiyo “karibu” ndiyo inayoviringa pembe za nati.

Anza kwa kukaza. Ndiyo, kukaza, kidogo tu, kama mtu anayetaka kuhakikisha imekaza. Mwendo mdogo kwenda kulia huivunja kutu upande ambao haukutarajiwa kuguswa. Kisha rudi kushoto. Ikisogea hata kwa unene wa kucha, usishangilie na kuivuta; irudishe kulia, ongeza mafuta, uilete tena kushoto mbele kidogo ya pale ilipofika mwanzo. Ukiivuta moja kwa moja, unga wa kutu uliovunjika hujikusanya mbele ya hesi na kuziba upya, safari hii mbaya zaidi. Kwenda na kurudi huusaga unga huo na kuutoa nje.

Kama bado imegoma, liko joto. Chuma hupanuka kikipashwa. Nati yenye tundu la milimita 10 ikiongezewa joto la nyuzi 200, tundu lake huongezeka milimita 0.024 hivi, pungufu ya nusu ya unene wa unywele. Wengi hudhani tundu hupungua, eti kwa kuwa chuma kimevimba kuelekea ndani. Sivyo, hupanuka lote pamoja, kama bangili iliyogeuka kubwa kidogo. Hizo sehemu chache za milimita zinatosha kupasua kutu. Ipashe nati, si bolti, kisha iache ipoe yenyewe. Usimwagie maji chuma cha kusubu kilicho moto, kitapasuka. Usilete moto karibu na mafuta ya taa uliyoyamwaga muda mfupi uliopita. Futa yote, subiri yakauke, fanya kazi nje. Na kitu kilichopakwa zinki, kama mabati, usikichome kabisa: mvuke wake huleta homa.

Kwa skrubu za mbao, kama za bawaba za mlango, mafuta huharibu mbao na rangi. Huko tumia ncha ya nondo iliyopashwa moto, iguse kichwa cha skrubu kwa muda, iache ipoe, ndipo ujaribu bisibisi huku ukiisukuma kwa uzito wa mwili.

Sasa lile bomba. Kijana wa mama hakukosea hesabu: spana ndefu mara tatu huzidisha nguvu ya kuzungusha mara tatu. Alichokuwa hajafundishwa ni uwezo wa bolti. Uimara wake dhidi ya kuzungushwa hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo bolti ya milimita 6 haina nusu ya uimara wa ile ya milimita 12. Ina sehemu 1 kati ya 8. Nilijifunza hivyo kwa uchungu nikiwa kijana. Nilichomeka bomba kwenye spana, nikavuta, nikasikia kitu kimelegea, nikafurahi. Kichwa kilikuwa mkononi mwangu, na mwili wa bolti umebaki ndani ya mashine ya mzee mmoja katikati ya msimu, kahawa yake imeshachumwa na inangoja. Kahawa mbivu haingoji; hutakiwa kumenywa siku ileile. Sikuusahau uso wa yule mzee.

Hata hivyo kukatika si mwisho. Kama kimebaki kisiki kilichochomoza, fundi wa kuchomelea anaweza kuweka nati mpya juu yake na kuichomelea. Joto la kazi hiyo lenyewe hupasua kutu, na mara nyingi kisiki hutoka kikiwa bado cha moto. Kama kimekatikia ndani, kitobolewe katikati kwa drili, kuanzia biti nyembamba kwenda nene. Mfuo uliolika unaweza kuchongwa upya kwa msumeno wa chuma. Kazi hizi zinataka utangulizi wake, na mtu anayeanza asione aibu kumpelekea fundi.

Bolti ya mama ilichukua siku tatu. Jioni ya tatu, kijana mwenyewe ndiye aliyeishika spana, nami nikakaa pembeni. Alikaza kidogo, akarudisha. Ililia, mlio mwembamba kama wa mlango mkavu, na unga wa rangi ya udongo ukachomoza pembeni mwa kichwa umelowa mafuta. Akatia tone jingine, akaenda na kurudi, kila mara akipata kidogo, mpaka ikafika mahali akaiacha spana na kuimalizia kwa vidole.

Usiitupe bolti iliyotoka. Isome. Hesi za juu zilikuwa zinang'aa. Za katikati, kama tano hivi, zilikuwa nyeusi na zimeliwa kingo, na hapo ndipo ilipokuwa imeshikwa, mbali na macho. Tuliisugua kwa brashi ya waya, tukasafisha tundu kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye kijiti, tukapaka grisi kwenye hesi na chini ya kichwa. Nikamwambia kijana airudishe kwa vidole tu. Bolti inayokubali vidole mpaka karibu na mwisho ina hesi nzima. Inayodai spana tangu mzunguko wa kwanza imeingia upande, au bado ina uchafu. Hii ilikubali. Mama akaleta kikombe cha kahawa mbivu za mwanzo, akazimimina kwenye mdomo wa mashine, na kijana akazungusha huku akilegeza na kukaza robo mzunguko kwa robo mzunguko. Tuliinama wote watatu kuzitazama punje zilizoanguka kwenye ungo. Mkupuo wa kwanza zilikuwa na mikwaruzo. Wa tatu zilitoka nzima, zinateleza mkononi.